Harufu ya Samli Katikati ya Kwaresima

Yeshimebet hakumwamini mtu aliyeshiba. Kwaresima ikiingia, ukikutana naye njiani asubuhi, kabla hajakujibu salamu atakuangalia kwanza midomo. Ikiwa imekauka, basi, utaulizwa habari za watoto, za ng'ombe na za shayiri iliyoko shambani. Ikiwa inang'aa, atakuitikia nusunusu na kushika njia yake, nawe utabaki unajifuta mdomo kama mwizi, ingawa ulichojipaka ni mafuta tu ya kuzuia baridi ya Debre Birhan isikupasue ngozi.

Hakuzaliwa hivyo. Ugonjwa huo aliutoa kwenye ndoa. Mume wake, marehemu Getaneh, alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuimba kanisani, na kila mwaka alikuwa akifunga Debre Birhan na kufungua Awash. Kule bondeni joto kali, mbuzi wanachomwa kila upande, na wa kumwona ni nani? Lakini koti lake la sufi lilirudi nyumbani na harufu ya mafuta ya mbuzi imejikalia kwenye kola. Mwaka wa kwanza Yeshimebet alinusa akanyamaza. Mwaka wa pili akanusa tena, akajiambia labda ni ya abiria. Mwaka wa tatu akamuuliza.

"Moshi tu huo, mke wangu. Wenyeji walikuwa wanachoma, mimi nimekaa pembeni na mkate wangu."

"Na moshi ndio uliokupaka masharubu?"

Getaneh akacheka, na kucheka ndiko kulikomponza. Tangu siku ile Yeshimebet aliamini kwamba macho ya mtu yanaweza kusema uongo, mdomo ndio usiseme, lakini harufu haijawahi kumdanganya mtu. Miaka mingi baadaye alimzika mume wake, akamlilia kwa haki, akamfanyia arobaini yake vizuri, lakini imani yake ya pua hakuizika. Ndiyo aliyoianzishia biashara.

Alifungua mgahawa mbele ya lango la kanisa la Giorgis, chumba kimoja na jiko nyuma yake, na akaweka sharti moja tu: nyama, maziwa, yai na samli visivuke kizingiti, si Kwaresima wala si sikukuu. Migahawa mingine ya mji wetu ina kawaida yake. Jumapili ya mwisho kabla ya funga, wanawake wanasugua vyungu kwa majivu na maji ya moto mpaka kucha zinaisha, halafu Jumatatu wanatangaza kwamba sasa ni chakula cha funga. Lakini chungu kilichokunywa mafuta mwaka mzima, nani atakuapia kwamba kimeyatapika yote? Kwa Yeshimebet hilo halikuwepo. Kwa hiyo Kwaresima, ibada inapokwisha saa tisa alasiri na watu wanamwagika langoni wakiwa hawajatia hata maji mdomoni tangu jana, wale wenye dhamiri inayouma upesi walivuka barabara na kuingia kwake. Watawa, wajane, wazee wa kusujudu mpaka magoti yametoka sugu. Hata Abba Mezgebu, kasisi aliyekuwa akimuungamisha yeye mwenyewe, alikuwa na kona yake. "Kwa Yeshi unakula bila kuuliza," ndivyo watu walivyosema, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa nyumba yake, shamba lake na mume wake. Yakiondoka hayo, hana tena kitu.

Mwaka huo mpishi wake wa siku nyingi alihamia Addis kwa binti yake, na wiki ya mwisho kabla ya funga jirani mmoja akamletea Ageritu kutoka Gojjam. Mwanamke mrefu, mkimya, anajifunga mtandio wake mweupe kiunoni kama anakwenda kupigana. Yeshimebet alimuuliza yote: amebatizwa wapi, anaungama kwa nani, anajua funga ya Jumatano na Ijumaa. Ageritu alijibu kila swali kwa neno moja, na hilo peke yake lilimtia Yeshimebet wasiwasi. Mtu msafi, alijiambia, huwa na maneno mengi. Lakini funga ilikuwa imeshafika mlangoni, akamchukua.

Na hapa lazima mtu aelewe jinsi jiko la Kwaresima linavyokwenda. Mpishi haonji. Anawasha moto asubuhi na tumbo tupu, anapika mpaka saa tisa na tumbo tupu, chumvi anaipima kwa jicho na pilipili kwa pua. Shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu unaoliwa kwa injera, mkate wetu mwembamba wa chachu, anaukoroga saa nzima unachemka mbele ya uso wake, na ulimi wake hauna ruhusa hata ya kutoka nje. Wengine wanatema mate tu. Mwenye nyumba naye ni vivyo hivyo. Kwa hiyo jikoni mle, mwenye pua ndiye mwenye habari.

Wiki ya kwanza shiro ilinuka shiro. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu Yeshimebet alikuwa anafuta meza, akanyooka ghafla na kitambaa mkononi.

Samli!

Si siagi mbichi. Samli yenyewe, ile ya sikukuu, iliyochemshwa polepole na iliki na rehani na majani ya koseret, inayokupa njaa ya kuku wa Pasaka wakati Pasaka bado iko mbali. Akaingia jikoni kwa mwendo wa paka. Ageritu alikuwa amempa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatoka juu ya chungu na kuingia chini ya mtandio, na ndani ya mkono huo kulikuwa na kopo dogo.

"Unaficha nini, binti?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu kina mfuniko?"

Ageritu akaangalia moto. "Dawa ya kifua, mama. Moshi unanisumbua."

"Dawa ya kifua," Yeshimebet akarudia, polepole, kama mtu anayekariri jina la mtu atakayekuja kumshtaki. Akarudi mbele kufuta meza iliyokuwa imeshatakata.

Alasiri ile, watu walipoingia, akasimama na upawa wake kama kawaida, maana kupakua hakumwachia mtu yeyote. Akapakua. Watu wakala, na kwa mara ya kwanza tangu mgahawa ule ufunguliwe kukawa kimya, kimya cha watu ambao midomo yao ina kazi. Halafu mtu mmoja akanyoosha sinia lake tena. Halafu mwingine. Walipoondoka, Ageritu akamletea mwenye nyumba chakula chake, injera na shiro juu yake, inatoa moshi. Yeshimebet akaitazama. Kama ni samli, tonge moja tu na funga yake imekwisha, sijda zake zote, asubuhi zake zote za ulimi mkavu, zote zimekwenda na maji. Na atajuaje kama ni samli bila kuonja? Na akionja, si ndiyo amekwisha?

"Tumbo linanikata leo," akasema. "Nipe kolo tu."

Akala kolo, shayiri yake ya kukaanga, kavu, kwa kiganja. Kesho yake akala kolo. Kesho kutwa kolo.

Abba Mezgebu alimpa wasiwasi wa aina yake. Baba aliyebeba dhambi zako zote kichwani, unampaje samli Kwaresima? Siku ya kwanza alimwekea adesi na kabichi, akamruka na chungu cha shiro.

"Leo sipati shiro, binti yangu?"

"Imeungua, Abba. Nitakupa vipi kitu kilichoungua?"

"Mbona wale wanaila?"

"Wale wana njaa, Abba."

"Na mimi nilikuwa nacheza?" Abba akacheka mpaka msalaba wake ukagonga meza, akala adesi zake. Siku ya pili shiro ikaungua tena. Siku ya tatu Abba hakuuliza, alipepesa tu macho kuelekea jikoni, akafikiri labda mpishi mpya ni mzito wa mkono.

Lakini watu wengine hawakufikiri hivyo hata kidogo. Habari ya shiro ya kwa Yeshi ilikimbia mjini haraka kuliko habari ya msiba. Wanawake wa kiwanda cha blanketi, ambao siku zote walikuwa wakila kule kwa jirani kwa sababu ni karibu, sasa wakawa wanatoka kazini na kuja moja kwa moja. Foleni ikatoka nje ya mlango, ikafuata ukuta. Yeshimebet aliwahesabu kwa jicho baya. Watu hawaendi mbali kwa ajili ya unga wa dengu, alijiambia. Hapa kuna kitu. Kila uso ulioridhika ulikuwa ni ushahidi. Kila aliyelamba kidole alikuwa shahidi.

Na kwa nini basi hakumshika Ageritu mkono siku ile ile? Alijiuliza hilo mara nyingi, na jibu lake lilikuwa tayari, safi, limepigwa pasi. Atamchafuliaje mtu jina bila uhakika? Kumsingizia mtu Kwaresima si ni dhambi? Lazima amkamate peupe, kopo mkononi. Kesho. Kesho hiyo ikawa wiki, wiki ikazaa nyingine, foleni ikarefuka, na yeye akawa anapakua kwa mkono wa kulia na mfuko wa aproni yake una kolo.

Hata hivyo hakulala. Alimpeleleza Ageritu kama mtu anayelinda mchumba wake. Alimtuma maji, akapekua kapu lake: kitana, kitabu cha sala, kitambaa. Kopo halimo. Akamsindikiza kanisani, akasujudu nyuma yake kwa makusudi, na kila Ageritu alipoinama naye akainama akanusa mtandio. Iliki. Koseret. Ndani ya nyumba ya Mungu! Siku moja akamwambia, kama utani, "Ageritu we, kifua chako hakiponi?"

"Kinaendelea, mama."

"Dawa gani hiyo isiyoponya lakini inanukia sikukuu?"

Ageritu akaacha kukoroga. Akaugonga mwiko ukingoni mwa chungu. "Ni ya kwetu, mama," akasema tu.

Ya kwenu, akawaza Yeshimebet. Haya. Tutaona ya kwenu.

Jumamosi akamfuata sokoni, amejitanda mpaka puani. Wauza siagi walikuwa wamekaa mstari mzima, mabonge yao yamefunikwa kwa majani, wateja hakuna, wanasukana nywele. Moyo wa Yeshimebet ukadunda. Hapa ndipo atakaposimama. Ageritu akawapita bila kugeuza shingo. Yeshimebet karibu akasirike. Lakini mbele kidogo, kwa mama mmoja muuza viungo, Ageritu akachuchumaa, akanusa kifungu cha majani makavu, akakinunua na kukitia kifuani. Alipopotea kwenye umati, Yeshimebet akajitokeza.

"Yule binti kanunua nini?"

"Koseret."

"Ya nini Kwaresima hii?"

"Mimi nauza majani, mama. Siungamishi watu."

Ilimtosha. Koseret haiendi kwenye kabichi, haiendi kwenye adesi. Kwa mila zote alizozijua yeye, koseret ina mume mmoja tu, na jina lake ni samli. Yeshimebet akarudi nyumbani na uhakika wake, mzito kama mtungi uliojaa. Jumatatu, aliapa, atamfukuza kimyakimya. Jumatatu foleni ilifika langoni pa kanisa. Akasema Jumanne.

Jambo lenyewe lilipasuka siku hiyo hiyo ya Jumanne, na aliyelipasua ni Birke, mfumaji wa kiwandani, mwenye cheko linalosikika kabla yeye mwenyewe hajaingia. Ibada ilikuwa imekwisha, chumba kimejaa, watu wamejifunika blanketi kwa baridi, Abba Mezgebu yuko kwenye kona yake na adesi zake. Birke akapiga tonge moja, akafumba macho.

"Mama Yeshi! Hebu niapie leo. Shiro hii mmeitia samli, au malaika kapita jikoni?"

Watu wakacheka. Lakini hawakucheka wote. Mzee mmoja wa kusujudu akalisimamisha tonge hewani, akalitazama. Mtawa aliyekaa karibu na mlango akarudisha mkono wake taratibu mapajani. Kicheko kikapungua, kikaisha, na nyuso zikamgeukia mwenye upawa.

Yeshimebet alisikia baridi ikimpanda mgongoni, na haikuwa ile ya Debre Birhan. Hii ndiyo siku aliyokuwa akiiogopa. Neno likishatoka nje ya mlango ule, hakuna atakayeuliza mpishi ni nani. Watasema kwa Yeshi. Aliona jina lake linakwenda zake barabarani. Akatupa kitambaa, akaingia jikoni mbio, akamkuta Ageritu ameinama dirishani, kopo mkononi, ndio kwanza analifungua kwa chungu cha pili.

"Lete hapa!"

"Mama, subiri nikueleze..."

"Lete hapa, nimesema!" Akalinyakua, akamshika Ageritu mkono, akamburuta mpaka katikati ya watu. "Watu wa Mungu, tazameni kwa macho yenu! Msije mkasema Yeshi. Mwizi wa funga zenu ni huyu hapa! Nimempa kazi, nimempa godoro, na yeye ananiingizia samli kwenye nyumba ambayo haijawahi kuonja hata yai!"

Chumba kikalipuka. Mmoja akatema pembeni. Mwingine akajifanyia ishara ya msalaba mara tatu. Birke mwenyewe alibaki mdomo wazi, utani wake umemgeukia. Ageritu hakujitoa mkononi. Alikuwa amesimama wima.

Abba Mezgebu akainuka. "Ni nini hicho, binti?"

"Mafuta ya nug, Abba. Mbegu tu za shambani."

"Muongo!" Yeshimebet akapaaza sauti. "Mimi aliniambia dawa ya kifua! Toka lini nug ikanukia koseret?"

"Tangu utoto wangu," Ageritu akasema, na sauti yake sasa ikapata nguvu. "Mama yangu alikuwa anachemsha nug kwa majani yote ya samli, Kwaresima nzima, ili sisi watoto tusimlilie. Hakuna samli ndani yake hata tone. Nilificha, ndiyo. Na uongo ule wa dawa nitauungama. Kule Bahir Dar tajiri wangu alinisimamia mgongoni akanitazama nikichemsha, alipojua kuyapika mwenyewe tu, akaniambia niende kwetu. Siri hii ndiyo kazi yangu, Abba. Nikiitoa nabaki na nini?"

Abba akanyoosha mkono, akapokea kopo. Hakulinusa. Alilishika kwanza, akasikia chuma kilivyo baridi. "Limeshinda wapi hili?"

"Dirishani, Abba. Tangu asubuhi."

Basi akaliinamisha juu ya sinia tupu. Mafuta yakatoka, meusi kidogo, mepesi, yakatambaa mpaka ukingoni bila kusita. Hapakuhitajika maelezo. Hakuna mtoto katika mji wetu asiyejua kwamba samli iliyoshinda dirishani msimu huu unaikata kwa kisu, na wakati mwingine kisu kinapinda. Yeshimebet mwenyewe alijua. Alijua miaka yote. Ila kwa wiki zile zote alikuwa amenusa tu, hata siku moja hakukumbuka kugusa.

Mzee wa kusujudu akalitia tonge lake mdomoni. Mtu akaanza kucheka, kicheko cha nafuu, na wengine wakamfuata. Ageritu alikuwa anafuta uso kwa ncha ya mtandio. Jambo lingeweza kuishia pale, na Yeshimebet angeomba radhi, na watu wangeisimulia hadithi hiyo mpaka Pasaka na kuisahau. Lakini aibu ilikuwa imemzamisha, na mtu anayezama hukamata chochote kilicho karibu.

"Ungemuuliza tu vizuri, binti yangu," Abba akamwambia kwa upole.

"Nilimuuliza, Abba, akanificha! Mnaniona mjinga? Mimi si mzembe wa dini, Abba, wewe unanijua. Jambo hili nimelinusa tangu wiki ya tatu!" Akajipiga kifua. "Tangu wiki ya tatu sijatia shiro ile mdomoni, hata kidole! Muulizeni huyu huyu. Nimeshinda na kolo, nimelala na kolo, ili funga yangu isiharibike!"

Alisema hayo kichwa juu. Alitazama huku na huku kutafuta uso wa kumwambia amefanya vyema.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Birke ndiye aliyesema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tangu wiki ya tatu, Mama Yeshi?"

"Ndiyo! Tangu..."

"Mimi tangu wiki ya tatu nakula hapa kila siku." Birke akainua bakuli la bati lenye mfuniko lililokuwa miguuni pake. "Na hili namchukulia mama yangu. Haoni, miguu imevimba, kanisani hawezi kufika. Funga ndiyo iliyombakia. Wewe mwenyewe unanijazia kwa mkono wako. Unasema, msalimie mama, mwambie aniombee."

"Birke, mwanangu..."

"Wakati unajaza, ulikuwa unafikiri unampa nini?"

"Haikuwa samli!" Yeshimebet akapiga kelele, akionyesha sinia lenye mafuta, yeye aliyekuwa akiapa sasa hivi kwamba ni samli tupu. "Jamani, si mmeona wenyewe? Abba kaimwaga hapa! Haikuwa samli!"

"Leo ndiyo umejua," Birke akasema. "Jana ulijua?"

Yeshimebet akamtazama mtawa, mtawa akatazama sakafu. Akamtazama mzee, na mzee akamtazama yeye, macho kwa macho, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ndipo alipoliona jambo lenyewe, zima, kama lilivyokuwa: mkono wake wa kulia ukipakua, siku baada ya siku, kwa kila mmoja wa watu hawa, kitu ambacho yeye asingekigusa hata kwa kidole. Machozi yakamjaa na hakuyafuta.

"Kwa hiyo shiro yangu haikuwa inaungua," Abba Mezgebu akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyepata jibu la swali alilokuwa amelisahau.

Birke akaliweka bakuli mezani. Yeshimebet akanyoosha mkono kuushika upawa wake ajaze, ajaze mpaka mfuniko usifunge, lakini Birke akaliziba bakuli kwa kiganja.

"Samahani, mama. Leo anitilie Ageritu."

Ageritu akasita. Alimtazama mwenye nyumba wake, na kama kulikuwa na furaha ya kushinda usoni pake, hakuna aliyeiona. Kisha akauchukua upawa mkononi mwa Yeshimebet, mkono usioshindana, akajaza bakuli, akafunika. Mzee akasukuma sinia lake mbele. Mtawa naye akanyanyuka na lake. Mwisho akaja Abba, amebeba sinia lake mwenyewe, adesi zimebaki nusu.

"Na mimi, binti yangu," akamwambia Ageritu. "Shiro."

Yeshimebet alibaki amesimama katikati ya mgahawa wake, mikono mitupu, watu wanampita kushoto na kulia kwenda kupakuliwa. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala hakuna aliyemwambia akae.